UZI: Kelele za ekzosi Ruiru na Thika, na maswali ambayo hatuwaulizi wagombea

1/
Kila msimu wa siasa ukikaribia, kuna mada hurudi Ruiru na Thika kama deni la duka: magari ya ekzosi za kelele. Upande mmoja unasema yapigwe marufuku yote. Upande mwingine unasema vijana wanaonewa. Watu wanatukanana wiki nzima, halafu kimya, na usiku gari linapita baipasi madirisha yakitetemeka vilevile. Uzi huu ni mrefu, kwa hivyo weka chai karibu. Sitaji mwanasiasa wala chama. Nataka tuelewe jambo lenyewe.

2/
Mimi nakaa Ruiru, si mbali na Eastern Bypass, na kazi hunipeleka Thika karibu kila siku. Napenda magari, na nimeketi sana kwenye magereji ya jua kali nikiangalia mafundi wakikata na kuchomelea mabomba. Pia napenda kulala. Kwa hivyo nitakayotetea hapa ni jambo moja tu: kelele na nguvu si kitu kimoja. Gari lililoongezwa nguvu linaweza kunyamazishwa na nguvu ikabaki palepale. Ukilishika hilo, nusu ya mabishano yetu yanaanguka yenyewe.

3/
Tuanze na ukubwa wa jambo. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 490,000 katika mji wa Ruiru, na kuufanya wa nne kwa ukubwa Kenya. Thika ilikuwa na zaidi ya 250,000. Thika Road mpya ilizinduliwa 2012, na baada yake maghorofa yakaota kando ya barabara na kando ya baipasi, mengine dirisha la chumba cha kulala likitazama lami moja kwa moja. Thika ni mji wa viwanda. Kuna watu wanaotoka zamu ya usiku na kulala mchana. Kuna wagonjwa Thika Level 5. Kuna mama amembembeleza mtoto saa nzima na sasa ndio amelala. Msituambie ni wazee wanaochukia vijana.

4/
Kelele hupimwa kwa desibeli, na hesabu yake si ya kawaida. Desibeli 10 zikiongezeka, sikio husikia kama kelele imekuwa mara mbili. Zikiongezeka 20, ni kama mara nne. Magari mawili yenye kelele sawa yakiwa pamoja hayaleti desibeli mara mbili. Yanaongeza 3 tu. Maana yake kwa siasa ni hii: gari moja lenye kelele kupita kiasi linaweza kusikika juu ya mengine yote barabarani. Tatizo letu halitoki kwa kila mwenye gari. Linatoka kwa wachache wanaosikika na wote.

5/
Umbali nao. Mahali wazi, kila umbali ukiongezeka mara mbili, kelele ya gari moja hupungua kama desibeli 6. Chukua gari linalotoa desibeli 96 ukilipima nusu mita kutoka mdomo wa bomba. Ukiwa mita 32, zimebaki karibu 60. Gari la 110 kwa kipimo hicho hicho litakufikia na karibu 74. Hiyo tofauti ya 14 haipotei njiani, inakuja mpaka kitandani. Na kwenye mitaa yetu yenye kuta za ghorofa pande zote mbili, sauti hugonga ukuta na kurudi, kwa hivyo hali halisi ni mbaya kuliko hesabu yangu.

6/
Sasa sheria. Watu wengi husema Kenya haina sheria ya kelele. Si kweli. Tuna kanuni za kelele na mitetemo za 2009, chini ya sheria ya mazingira ya 1999, na msimamizi wake ni NEMA. Kwa maeneo ya makazi, nje ya nyumba, kiwango ni desibeli 50 mchana na 35 usiku. Usiku kwa kanuni hizo huanza saa mbili hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kwa magari kuna kifungu chake: usiendeshe gari linalotoa sauti kubwa isiyo ya kawaida, na kiwango kilichowekwa ni desibeli 84 gari likiwa linaongeza kasi.

7/
Kanuni hizo pia zinaeleza jinsi ya kuamua kama kelele ni kero: saa gani, iko karibu na makazi kiasi gani, inajirudia au la, ina ukali gani, imeongezwa kwa mitambo au vifaa vya umeme au la. Halafu kuna kipimo cha mwisho ambacho sijawahi kusikia mtu akikitaja jukwaani: je, anayepiga kelele angeweza kuipunguza bila taabu wala gharama kubwa? Shikeni hapo. Nitarudi kwake nikifika kwa mafundi.

8/
Tahadhari kwa ahadi ya kwanza mtakayosikia: "Nikichaguliwa, desibeli 35 usiku, hakuna mjadala!" Viwango vya mtaa ni wastani wa saa nyingi. Havikuwekwa kupima gari linalopita kwa sekunde tano. Na 35 ni kimya kweli. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2018 kwa nchi za Ulaya, lilipendekeza kelele za barabara usiku zisizidi 45. Mtaa ulio kando ya Thika Road utazidi 35 hata kama magari yote yana ekzosi za kiwandani. Ukitumia kipimo cha mtaa kumkamata dereva mmoja, wakili wake ataondoka na kesi mapema asubuhi.

9/
Hata 84 ina shida yake. Hicho ni kipimo cha gari linaloongeza kasi. Ukitaka kulipima sawasawa unahitaji mahali tulivu, umbali maalum, na gari lipite kwa namna ileile kila mara. Afisa aliyesimama kando ya barabara pale Kimbo saa nne usiku, malori yanapita nyuma yake, hawezi kufanya hivyo. Kwa hivyo sheria ipo, namba ipo, lakini namba yenyewe haipimiki pale gari linaposimamishwa.

10/
Kazi ni ya nani? Hapa ndipo mjadala huzungushwa kama mpira. Kaunti husema ni NEMA. NEMA inasimamia kanuni za kitaifa. Polisi wa trafiki wana Sheria ya Trafiki, Sura ya 403. NTSA inakagua magari. Lakini fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya pili: kudhibiti uchafuzi wa hewa, kelele na kero nyingine za umma ni kazi ya kaunti. Imeandikwa wazi. Kwa hivyo mgombea wa kiti cha kaunti akikuambia "hilo ni la serikali kuu", amekwepa. Na wa kitaifa akikuambia "ulizeni kaunti", naye pia amekwepa, kwa sababu polisi, NEMA na NTSA ni za kitaifa.

11/
Wakati wakubwa wanarushiana mpira, kinachotokea mitaani tunakijua. Gari linasimamishwa. Hakuna kifaa cha kupima. Anayeamua kama ni kelele ni sikio la aliyelisimamisha. Sikio halitoi risiti. Dereva anaondoka na pesa kidogo mfukoni kuliko alivyokuja, ekzosi ileile, na kelele ileile hadi kizuizi kinachofuata. Mwenye gari ameumia na jirani ameumia. Kila mtu akisema "sheria ikazwe" bila kusema itapimwaje, anaukaza mkono huo tu.

12/
Sasa tuingie gereji, maana hapa ndipo hoja mbili kubwa, "marufuku" na "waacheni", zote zinapokosea.

Kelele ya ekzosi hutoka wapi? Vali ya kutolea moshi ikifunguka, gesi moto yenye presha hutoka kwa kishindo. Injini ya silinda nne hutoa vishindo viwili kwa kila mzunguko. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, hiyo ni vishindo 100 kwa sekunde. Kazi ya bomba ni kupitisha gesi. Kazi ya sailensa ni kutuliza vishindo. Gesi ikipita vizuri, injini ina nguvu. Vishindo vikitulizwa, jirani analala. Ni kazi mbili, na zinaweza kufanywa zote kwa pamoja.

13/
Sailensa ziko za aina mbili kuu. Ya kwanza ina vyumba na vizuizi: gesi inazungushwa, mawimbi ya sauti yanagongana na kufifishana. Inanyamazisha sana, lakini gesi inahangaika kupita. Ya pili gesi inapita moja kwa moja kwenye bomba lenye matundu matundu, na nje ya bomba hilo kumejazwa sufi ya glasi au ya chuma. Sauti inaingia kwenye matundu na kumezwa na sufi, gesi inaendelea na safari. Hii ya pili ndiyo jibu la mtu anayetaka utulivu bila kupoteza nguvu, mradi iwe ndefu na nene ya kutosha. Yale makopo mafupi yanayong'aa ni ya aina hiyo, lakini hayana nafasi ya kumeza kitu.

14/
Mtaani kuna imani mbili zinazopingana na zote si sahihi. Moja: "injini inahitaji kubanwa kidogo nyuma ndio ivute." Hapana. Inachohitaji ni bomba la kipenyo kinachoifaa, ili gesi isafiri kwa kasi nzuri na kusaidia kuvuta inayofuata. Bomba kubwa kupita kiasi kwenye injini ndogo isiyo na turbo linaweza hata kupunguza mvuto wa chini. Pili: "ukitoa kila kitu, gari linaruka." Kwa gari la turbo, kupunguza mabano baada ya turbo husaidia kweli. Lakini anachokisikia dereva baada ya kukatwa sailensa mara nyingi ni sauti tu. Gari likipiga kelele zaidi, mtu huhisi linakwenda zaidi. Anayetaka ukweli apime mwendo kwa saa.

15/
Ushahidi uko kwenye gari lenyewe tunalobishania. Ule mngurumo maarufu wa Subaru wa zamani unatokana na mabomba ya mwanzo, yale yanayotoka kwenye injini, kuwa na urefu usiolingana, hivyo vishindo vinafika vikiwa havina mpangilio. Legacy ya 2003 ya soko la Japani ilipewa mabomba ya urefu unaolingana. Mngurumo ukapotea, na gari halikuwa dhaifu kwa hilo. Turbo hupata gesi kwa mpangilio mzuri zaidi. Hata kiwandani kwao, ule mngurumo haukuwa ndio nguvu.

16/
Basi nyamazisha hivi. Hatua ya kwanza ni bure au karibu bure: tafuta mivujo. Gasketi iliyoungua, chomeleo lililopasuka, klampu iliyolegea. Gari baridi asubuhi, mtu mmoja aliwashe, mwingine asikilize chini "tik tik tik" na kutafuta alama nyeusi za masizi. Mvujo kabla ya turbo unapoteza nguvu, na mvujo kabla ya kihisi cha oksijeni unakidanganya hadi injini inapewa mafuta vibaya. Ukiuziba unapata utulivu na nguvu pamoja.

17/
Hatua ya pili: rudisha kilichotolewa katikati. Magari mengi yaliyokatwa yameondolewa rezoneta, ile sailensa ndogo ya katikati ya bomba, na mengine yametolewa katalitiki kwa sababu madini yake yana soko. Katalitiki hupunguza sumu na pia hutuliza sauti. Ziko zenye vitundu vikubwa zinazopitisha gesi vizuri. Rezoneta nayo iwe ya kupita moja kwa moja, kipenyo sawa na bomba lako. Ukipunguza kipenyo, umebana. Kama bomba ni inchi 2.5 au 3, njia ya ndani ibaki hiyo hiyo mpaka nje.

18/
Hatua ya tatu: sailensa ya nyuma. Usichague kwa jina lililochorwa, chagua kwa ukubwa. Kadiri ilivyo ndefu na yenye tumbo pana, ndivyo inavyomeza sauti nzito. Angalia ndani kwa tochi: uone matundu hadi upande wa pili, bila vizuizi. Na kumbuka sufi huchakaa. Gesi moto huila polepole na sauti inarudi. Sailensa nzuri hufunguliwa na kujazwa upya. Fundi wa jua kali anaweza kazi hiyo.

19/
Hatua ya nne ni ya ule mvumo unaokuumiza kichwa ukiwa kwenye kasi moja kati ya Juja na Ruiru. Huo ni mlio wa masafa mamoja, na una dawa yake: bomba la tawi lililozibwa mwisho, linachomelewa pembeni mwa bomba kuu. Wimbi linaingia, linagonga mwisho, linarudi likiwa kinyume na lile linalokuja, yanauana. Gesi haizuiwi hata kidogo. Urefu wake ni kasi ya sauti ugawe kwa mara nne ya idadi ya vishindo. Kwenye moshi wa nyuzi 300 hivi, sauti husafiri karibu mita 480 kwa sekunde. Kwa vishindo 100: 480 ugawe kwa 400, ni mita 1.2. Fundi anaanza hapo, halafu anarekebisha kwa sikio.

20/
Hatua ya tano: ile milipuko ya "pa! pa! pa!" dereva akiachia mafuta. Watu pale Kamakis huinama wakidhani ni bunduki. Kwenye gari lililorekebishwa programu ya injini, mara nyingi hiyo imewekwa makusudi: mafuta yanaendelea kumwagwa na cheche inacheleweshwa ili yalipukie kwenye bomba. Hutokea wakati mguu umeachia mafuta, yaani gari haliongezi kasi. Kuizima hakupunguzi nguvu hata punje, na unaokoa mafuta, turbo na katalitiki.

21/
Kuna pia njia ya mkato ya kuepuka: kile kizibo chenye tundu dogo kinachofungwa kwa skrubu mdomoni mwa bomba. Ndiyo, kelele hupungua. Lakini umebana njia, joto linapanda, nguvu inashuka, na dereva atakitoa akishapita kizuizi. Sheria inayokubali kizibo hicho itapata utulivu wa mita mia moja tu. Kama mtu anataka sauti mbili, kuna vali inayofunguka na kufunga njia ya pili. Hiyo angalau imeundwa kwa kazi hiyo, lakini ipimwe ikiwa wazi.

22/
Jumlisha gharama: gasketi, rezoneta, sailensa ya kupita moja kwa moja, na siku moja ya fundi. Ukinunua Grogan au Thika na kuchomelea mtaani, mara nyingi inakuja chini ya bei ya matairi manne mapya ya gari lilelile. Mtu aliyeweza kuongeza turbo anaweza hilo. Sasa rudi posti ya 7. Kelele hii inaweza kupunguzwa bila taabu wala gharama kubwa. Kwa kipimo cha kanuni zetu wenyewe, hakuna kisingizio. Lakini pia hakuna sababu ya kumnyang'anya mtu gari.

23/
Hoja ya "mnawaonea vijana." Ina ukweli ndani. Fundi wa ekzosi ana familia. Mwosha magari, muuza vipuri, mchoraji, wote wanakula kwenye utamaduni huu. Ukipiga marufuku gari lolote lililobadilishwa, umewafungia hao kwanza, na mwenye pesa atahamishia gari kwingine. Lakini angalia hatua zote nilizoorodhesha: zinafanywa na fundi yuleyule, mashine ileile ya kuchomelea. Kunyamazisha pia ni kazi ya kulipwa, na inahitaji ujuzi zaidi ya kukata. Mwanasiasa anayewatetea vijana kweli angeuliza jinsi ya kuwapa kazi hiyo, badala ya kuwapigia makofi tu.

24/
Hoja ya "mbona makanisa na vilabu hamvisemi?" Tuvisema. Kanuni ni zilezile, na spika ya saa tisa usiku ni kero sawa na ekzosi. Lakini hoja hii hutumika ili kusifanyike lolote: tusianze na magari mpaka makanisa, tusianze na makanisa mpaka vilabu, tusianze na vilabu mpaka matatu. Jirani wa Ngoingwa anayesikia vyote vinne hafaidiki na foleni hiyo.

25/
Na matatu? Nganya zina honi, muziki na ekzosi kwa pamoja. Tofauti ni kwamba matatu ni chombo cha umma, lina leseni, lina sacco, na hukaguliwa kila mwaka. Yaani tayari kuna mlango wa kulipima. Kanuni za matatu za 2003 zilionyesha kwamba kitu kikipimika kinaweza kutekelezwa: mikanda inahesabika, kasi ya 80 inasomeka. Utekelezaji ulilegea baadaye, lakini kila abiria alijua kipimo ni nini. Kwa kelele hatujafika hata hapo.

26/
Wengine wamefanyaje? Japani, ambako magari haya mengi yanatoka, gari la kawaida la injini ya mbele lililotengenezwa tangu mwisho wa miaka ya 1990 lilipimwa limesimama, na kikomo cha ekzosi kilikuwa desibeli 96. California huko Marekani ni 95. Utaratibu wenyewe ni rahisi: kipaza sauti nusu mita kutoka mdomo wa bomba, pembe ya nyuzi 45, injini inapandishwa hadi mizunguko iliyowekwa, namba inasomwa. Dakika chache tu. Huhitaji uwanja. Dereva anaiona namba mwenyewe, na afisa hana nafasi ya kusema "mimi nasikia." Paris tangu 2022 wamejaribu hata kamera zinazotambua gari lenye kelele, lakini sisi tuanze na kifaa cha mkononi.

27/
Kwa hivyo mtu akija kwenye mkutano Ruiru au Thika na kusema atamaliza kelele za magari, msishangilie bado. Muulizeni:

a) Utapima gari likiwa limesimama au likitembea, na kikomo ni desibeli ngapi?
b) Vifaa vingapi, nani atavisahihisha kila mwaka, na pesa ziko kwenye bajeti ya nani?
c) Anayezidi atapewa siku ngapi kurekebisha kabla ya faini?
d) Fundi aliyenyamazisha gari vizuri atalipimia wapi ili mteja wake apate cheti?
e) Kaunti, NEMA, NTSA na polisi watakaa meza moja lini, na nani ataitisha kikao?

28/
Na anayesema "waacheni vijana", muulizeni pia: mama wa ghorofa ya pili kando ya baipasi aende wapi? Akisema ahame, basi mjue ametoa jibu. Katiba, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na cha 70 kinamruhusu kwenda kortini bila kuonyesha kwanza kwamba amepata hasara. Haki hiyo ni ya mpangaji wa chumba kimoja kama ilivyo ya mwenye bangalo Membley.

29/
Mwisho, msisubiri kampeni. Mpango wa maendeleo wa kaunti wa kila mwaka huwasilishwa kufikia tarehe 1 Septemba. Taarifa ya mkakati wa fedha huwasilishwa kufikia 28 Februari, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Kabla ya hapo wananchi wanapaswa kuulizwa maoni. Vikao hivyo huwa na viti vitupu. Watu ishirini kutoka Kimbo, Kihunguro, Makongeni na Landless wakifika na ombi moja lililoandikwa, "vifaa vya kupima kelele na kituo cha kupimia Ruiru na Thika", itabidi liandikwe kwenye kumbukumbu. Mafundi wa ekzosi waje pia. Wao ndio wanajua kazi.

30/
Kama una gari la aina hii na umesoma mpaka hapa, asante kwa uvumilivu. Anza na mivujo na ile milipuko. Hizo hazikupunguzii kitu. Kama wewe ndiye unayeamshwa usiku, andika tarehe, saa na mahali kwa wiki mbili, na uje na karatasi hiyo kwenye kikao cha wadi yako. Wenye maswali ya mabomba au ya sheria, wekeni hapa chini nitajibu. Matusi nitayaruka.